Neno "Hakuna" Dukani kwa Wanjira

Kila asubuhi Wanjira alifungua duka lake la vyombo pale Siakago, akaketi karibu na mlango wa stoo, akikodoa macho. Wateja waliingia, wakauliza kule mbele asikosikia, wakatoka mikono mitupu. Hali ikiendelea hivyo, angefunga duka kabla ya Krismasi, na duka hilo ndilo lililomlea mwanawe Mugendi. Maskini, usingizi ulimpaa.

Tangu mfanyakazi wa zamani amwibie, Wanjira hakumwamini mtu. Kila Kendi, mfanyakazi wake wa sasa, alipotoka stoo, alimwambia, "Geuza mifuko." Mbele ya wateja!

Siku moja ya soko, Wanjira alikuwa kwenye bucha ya jirani yake Omar. Mama mmoja akaingia akifuta jasho.

"Nimetafuta mtungi wa maji hapo kwa duka la vyombo. Wanasema hakuna."

"Hakuna? Na stoo yangu imejaa mitungi!" Wanjira aliruka. "Huyu Kendi leo ataenda kwao!"

"Polepole, Mama Mugendi," Omar alisema, akiweka kisu chini. "Kendi si mvivu. Anaogopa. Akitoka stoo unamsachi kama mwizi. Wewe ungeingia?"

"Lakini niliibiwa, Omar!"

"Uliibiwa na Kendi?"

"Hapana."

"Sasa mbona unamwadhibu kwa kosa la mwingine? Umemvunja moyo, na kazi imemtoka mikononi. Ukitaka kujua mali iko salama, hesabuni pamoja jioni. Akikosea, mwite kando, umweleze. Akifanya vizuri, mwambie asante. Asante haitatoboa mfuko wako, ama?"

Wanjira alirudi dukani amenuna. "Kendi, mbona ulisema hakuna mitungi?"

Kendi aliinamisha kichwa. "Mama, mwezi uliopita uliniambia nigeuze mifuko, na mama mkwe wangu alikuwa hapo. Ikaanguka nusu mandazi niliyomwekea mtoto. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kitu cha stoo, nasema tu hakuna."

Wanjira alikikumbuka kile kipande cha andazi sakafuni. Alishikwa na aibu.

Kesho yake, wateja wakiwa wamejaa, alimpa Kendi ufunguo wa stoo. "Nilikukosea mbele ya watu," alisema. "Naomba unisamehe mbele yao."

Jioni walihesabu mali pamoja. Hakuna kilichopotea. Kendi akasema, "Mama, tutoe mitungi nje watu waione."

"Wazo zuri. Asante, Kendi," Wanjira alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia neno hilo.

Krismasi ilifika na duka bado liko wazi. Mzee mmoja akaja kuuliza mtungi.

"Hakuna, mzee," Kendi alisema.

Wanjira alishtuka, akainuka kitini.

"Imenunuliwa yote jana," Kendi aliendelea. "Niachie namba yako ya simu. Mingine ikifika, nitakupigia."

Wanjira aliingia stoo kuhakikisha. Kweli, hapakuwa na mtungi hata mmoja. Alisimama humo, akacheka peke yake.