Nyasi Zilizosingiziwa

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikatakata nyasi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu alikifanya mbiombio. Hata uso alinawa upande mmoja. Nyasi alizichanganya na samadi na maji ndani ya pipa, akaumimina uji huo kwenye mtambo wa biogesi nyuma ya nyumba. Gesi ya mtambo ndiyo iliyowasha jiko la mama.

Nyasi zilitoka shambani kwao. Shamba lilikuwa limelimwa mahindi mwaka nenda mwaka rudi, mpaka udongo ukachoka na mabua yakawa kama njiti. Mama akasema, "Ardhi nayo hupumzishwa. Tupande nyasi misimu miwili zirutubishe udongo, huku zinatupikia. Halafu turudi kwenye mahindi."

Baba mdogo, waliyelima naye, alicheka. "Shemeji, unapanda malisho na ng'ombe huna? Hata samadi unaomba kwa jirani." Akakubali kwa sharti moja: gesi ikikatika, trekta linapita kuzilima nyasi.

Wiki moja bomba la uani likakauka. Maji yakawa ya kufuata kisimani, bondeni. Chapuchapu akaliona beseni la maji ya kufulia, limejaa povu. Maji ni maji tu, akajisemea. Akayamwaga kwenye pipa. Kesho yake akarudia, na keshokutwa vilevile.

Moto wa jiko ukaanza kusinzia. Mwisho ukazimika kabisa, maharage yakiwa hayajaiva.

Baba mdogo alikuja kuona. "Si nilisema? Nyasi hazipiki. Kesho trekta."

Mama alitoka nje, akang'oa shina moja la nyasi pembeni mwa shamba, akalikung'uta. Udongo ulioanguka ulikuwa mweusi, na nyungunyungu akajikunja ndani yake. "Shamba ndiyo kwanza linaamka, shemeji."

"Sasa utapika nyungunyungu?"

Chapuchapu alisikia yote akiwa mlangoni. Akalikumbuka lile beseni la povu. Usiku usingizi ulimpaa.

Asubuhi trekta likanguruma ukingoni mwa shamba. Chapuchapu akakimbia, akasimama mbele ya baba mdogo.

"Baba mdogo, usilime. Nyasi hazina kosa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilitia maji ya kufulia. Kisimani ni mbali."

Mama, aliyemfuata nyuma, alishusha pumzi. "Mwanangu, gesi inatengenezwa na vijidudu hai. Umewanywesha sabuni."

Baba mdogo akamtazama mtoto, akatazama shamba. Akampungia dereva mkono azime. "Haya. Nangoja mpaka mahindi ya jirani yachanue. Siongezi hata siku."

Wakapunguza uji ulioharibika, wakatia samadi mbichi na maji safi. Maji yote ya kisimani aliyabeba Chapuchapu, na hakuna aliyempokea ndoo. Mahindi ya jirani yalikuwa bado kuchanua jiko lilipowaka tena, moto wa buluu. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeteleka birika.

"Shemeji, nimeshindwa. Chai tu isiwe ya rangi."

Mama akamgeukia binti yake. "Njia ya mkato imekuchosha kuliko ile ndefu, umeona? Ila ungenyamaza siku ile, shamba lingelimwa kwa kosa lako. Kosa ukilificha, analipa asiyehusika. Umelisema, likarekebishika."

"Ndiyo, mama."

"Basi ndoo ile pale. Pipa bado halijajaa."

Chapuchapu akaichukua, akashuka bondeni. Safari hii hakukimbia.