Kigoda cha Mwalimu wa Posta

Mambo yalianza kuharibika kwenye maziwa. Mbuke aliacha bakuli limejaa chini, kando ya kigoda, akatoka kwenda kuangalia maharage jikoni. Aliporudi, bakuli lilikuwa nusu. Akamtukana paka. Kisha akamwona paka mwenyewe juu ya ukuta wa zizi, amelala, hana habari na maziwa ya mtu.

Mbuke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu, upande wa Madibira, mwaka ule wa sabini na sita. Mumewe, Nkuba, alikuwa mfugaji. Ukoo wao uliteremka na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakayaona majani ya Usangu, wakasema hapa ndipo. Asubuhi Mbuke alifundisha darasa la nne, na alasiri akageuka mwanafunzi. Alikuwa anasomea digrii ya historia kwa njia ya posta, katika chuo kikuu cha Ulaya ambacho hakuwahi kuona hata picha ya mlango wake. Vitabu vilipanda meli, vikapanda lori, vikapanda basi, vikamfikia vimevimba kwa unyevu. Mtihani wa mwaka wa kwanza ungefanyika Mbeya mwezi wa sita, na aliyeanguka aliondolewa chuoni moja kwa moja. Hakukuwa na kurudia.

Watu waliiita digrii ya bahasha. Mwalimu mkuu alimwuliza mbele ya walimu wenzake kama na joho nalo litakuja limebandikwa stempu, na wote wakacheka, wale wale waliokuja kwake jioni kuomba awasaidie kuandika barua za kuomba uhamisho. Mbuke alikuwa na hasira ya siku nyingi, na alikuwa na haki nayo.

Aliyemkasirisha kuliko wote alikuwa amekwisha kufa. Baba mkwe wake, Mzee Nyanda, alichana kitabu chake cha kwanza, ukurasa baada ya ukurasa, akafungia ugoro. Nkuba alipomwuliza, mzee alisema karatasi ya Ulaya ni laini, haimwagi. Mbuke hakufungua mdomo. Kwao mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso, halitamki jina lake, na hakai mahali anapokaa yeye. Alizunguka nyuma ya nyumba akalia kwa hasira mpaka kwikwi ikamshika, akaandika barua kuomba kitabu kingine, akangoja miezi.

Sasa, kitabu cha maelekezo kilisema hivi: mwanafunzi asiye na darasa aweke kiti kitupu mbele yake, amfikirie mwalimu amekaa pale, amsomee kwa sauti na kumjibu. Mzungu aliyeandika maneno hayo hakuwa na ubaya. Kwao kiti kitupu ni kiti kitupu.

Nyumba ya Mbuke ilikuwa na kiti kimoja, na alikikalia yeye. Kilichobaki ni kigoda cha marehemu, cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa. Akakifuta vumbi, akakiweka mbele ya meza. Kila alasiri alisema, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaanza kusoma. Na kwa kuwa alizoea kunywa maziwa wakati wa kusoma, na aliona aibu kunywa peke yake mbele ya mwalimu hata kama mwalimu ni wa kufikiria tu, akawa anamwekea na yeye bakuli lake. Huo ndio ulikuwa ujinga wake, na ni ujinga wa mtu aliyelelewa vizuri. Kigoda cha marehemu, maziwa chini, salamu ya heshima: hivyo ndivyo wakwe zake walivyokuwa wakiwaita wafu wao waje nyumbani.

Baada ya maziwa ikaja harufu. Ugoro, ule wenye magadi, unaowasha pua. Kisha kikohozi: kho, kho, kho, mara tatu, kavu, kama Mzee Nyanda alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani ili wanawake wajue anakuja. Mbuke alijiambia ni uchovu.

Siku moja alikuwa anasoma mapinduzi ya Ufaransa. Jua lilikuwa bado kali nje, na binti yake Kashindye alikuwa anaimba uani na wenzake. Alipofika mahali wananchi walipomkata mfalme kichwa, mtu akauliza kutoka kwenye kigoda, kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeona haya kuuliza:

"Na ng'ombe zake alichukua nani?"

Mbuke hakuinua macho, kwa sababu ukiinua macho unaona, akaendelea kusoma kwa sauti ile ile, akasoma habari za malkia na habari za mkate, akafika mwisho wa sura akaanza upya, na muda wote huo alisikia kigoda kikilia kidogo kidogo chini ya mtu anayesogea karibu asipitwe na neno, na pumzi yenye ugoro ikimfikia kwenye vidole vilivyoshika kitabu, mpaka Kashindye alipoingia kuomba maji na harufu ikakatika kama uzi.

Kesho yake, mwalimu mwenzake Tekla, Mkatoliki wa Iringa, alimkuta ofisini ameshika kichwa.

"Nikupime?" Tekla akasema. "Nitajie sababu za yale mapinduzi ya Ufaransa."

Mbuke akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Si kwamba alisahau neno moja mawili. Mahali pale kichwani palikuwa pamefagiliwa. Akajaribu sura ya nyuma yake, ikawa hivyo hivyo, na ya nyuma yake tena. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imeliwa.

Jioni, wakati wa kula, Nkuba alikuwa na furaha.

"Mama Kashindye, baba ananijia ndotoni siku hizi," alisema. "Ananipa hadithi. Jana kaniambia habari za mfalme mmoja wa Ufaransa, watu wake walikosa mkate, wakamkata kichwa. Na mke wake pia."

Nkuba aliishia darasa la pili. Ufaransa hakujua ni nchi au ni dawa. Mbuke akaweka tonge chini.

Mbuke alimweleza Tekla yote, na Tekla ndiye aliyempeleka kwa Bibi Ngolo, mganga wa Kisukuma aliyekaa ng'ambo ya mto. Njia nzima Tekla alishika rozari na kunong'ona kuwa hilo ni jini. Bibi Ngolo alipolisikia neno hilo alikasirika.

"Jini gani? Jini ni mambo ya pwani. Huyu ni mwenye nyumba. Mmemwita wenyewe, mmempa kiti, mmempa maziwa, mmemsalimia. Sasa mnakuja kulia kwangu?"

"Mimi nilimwita mwalimu," Mbuke akasema.

"Na kaja mwanafunzi. Huyo mzee alikuwa na njaa ya hayo makaratasi tangu utoto, ila kiburi kilimziba. Anakula unachosoma. Atakula mpaka ubaki kibuyu."

"Anaondokaje?"

"Mkono uliomkaribisha ndio unaomtoa. Umwage maziwa. Ukikalie kigoda chake. Umwite kwa jina lake, umfukuze. Mkwe anayekaliwa na mkamwana haya inamuua mara ya pili."

Mbuke alimweleza mumewe, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kuficha. Nkuba akasimama.

"Tangu baba arudi ng'ombe wanazaa. Unanisikia? Wanazaa. Wewe unataka kumfukuza baba yangu kwa ajili ya bahasha?"

"Kwa ajili ya kichwa changu, baba Kashindye."

"Ukikalia kile kigoda, wewe si mke wangu."

Mbuke alikuwa ameolewa akiwa na vitabu vyake, na Nkuba alivijua alipokuja kuposa. Alivisifu, hata.

Siku moja kabla ya safari ya Mbeya, alasiri, Nkuba akiwa malishoni na Kashindye akiwa kwa Tekla, Mbuke aliweka maziwa, akasalimu, akafungua kitabu. Harufu ikaja. Kikohozi kikaja. Akainuka, akayamwaga maziwa mlangoni, akazunguka meza, akageuka, akaketi.

Hakukalia ubao. Alikalia magoti, magoti ya mtu, makavu na baridi kama mawe ya mtoni asubuhi, na chini yake mapaja yakashtuka, na kidevu chenye ndevu chache kikamgusa nyuma ya shingo, na mikono miwili iliyonuka magadi ikainuka kila upande wake isijue ishike wapi, kwa maana hata maiti ina haya, na mwili mzima wa Mbuke ulitaka kukimbia lakini hasira yake ya miaka yote ikambana pale pale.

"Nyanda," akasema. "Nakuita kwa jina lako, Nyanda. Ulichana kitabu changu ukiwa hai, nikanyamaza. Umekufa, unakula kichwa changu. Toka."

"Mayu, mama," sauti ikamnong'oneza sikioni, "mimi nilitolewa shule nikachunge ng'ombe za mtemi. Nilikuwa najua herufi nne."

"Na binti zako ukawatoa shule wewe mwenyewe. Rudisha vitu vyangu."

"Nibakishie hata cha yule mfalme."

"Hata cha mfalme sikuachii. Rudisha vyote, utoke."

Nyuma ya shingo yake mtu akalia, kilio cha mzee, kisicho na machozi. Kisha yote yakarudi kwa pamoja, Ufaransa na malkia na mkate na vita na mikataba, yakampanda uti wa mgongo mpaka meno yakamgongana. Magoti yakaisha. Akajikuta amekalia ubao. Mlango ulikuwa wazi na vumbi la kizingitini, pale maziwa yalipomwagika, halikuwa na alama ya mtu aliyetoka.

Alipoinua macho, Nkuba alikuwa amerudi kutoka malishoni, amesimama dirishani.

"Ukirudi kutoka Mbeya," Nkuba alisema, "sanduku lako utalikuta nje."

Mbeya kulikuwa na baridi na ukungu. Katika ukumbi wa mtihani Mbuke aliandika bila kuinua kichwa, akajaza karatasi, akaomba nyingine. Kila swali lilipata jibu lake. Alijua amefaulu kama mtu anavyojua ameshiba. Msimamizi alipita mara mbili karibu na dawati lake, akasimama, akavuta pua.

"Nani ana ugoro humu ndani?"

Wote walitazamana. Mbuke akatazama vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vya kahawia, na hakuwahi kushika ugoro maishani mwake.

Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama. Sanduku lake lilikuwa uani, limefungwa kamba, na Nkuba alikuwa amekaa mlangoni na fimbo magotini. Mbuke alikuwa ameyapanga maneno yake tangu kwenye basi: kwamba amefaulu, kwamba anamchukua Kashindye, kwamba Tekla amempa chumba. Akalipita sanduku, akampita mumewe, akaingia ndani ili ayaseme hayo akiwa amesimama katikati ya nyumba aliyoipaka chokaa kwa mikono yake. Miguu haikusimama. Ilikwenda mpaka kwenye kigoda, ikajikunja, akaketi.

"Baba Kashindye," alitaka kusema.

Kho, kho, kho.

Nkuba alikuwa amemfuata ndani na fimbo mkononi. Fimbo ikamponyoka. Alimtazama mkewe, jinsi alivyokaa, mkono mmoja umenyooshwa, kiganja juu, ukingojea ugoro. Kisha akapiga magoti.

"Ng'wadila, baba," akamsalimia kwa Kisukuma.

Mbuke alipiga kelele ndani ya kifua chake mwenyewe kwamba ni mimi, ni Mbuke, mwalimu wa darasa la nne, na hakuna aliyemsikia. Alikuwa amemwambia mzee atoke. Hakumwambia atokee wapi.

"Vitabu vya mwaka wa pili," mdomo wake ukauliza, kwa Kisukuma, taratibu, "vinafika lini?"

Nkuba hakujua. Akatoka nje kuliingiza sanduku.