Aliyezaliwa Stesheni ya Minasawa

Kila asubuhi Chizuru alifika stesheni ya Minasawa akikimbia, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Stesheni yenyewe ilikuwa jengo dogo la mbao lenye chumba kimoja cha kusubiria, jiko la kuni na mabenchi yenye mito iliyoshonwa na akina mama wa kijiji. Siku hizi hapakuwa na mkuu wa stesheni. Wanakijiji ndio waliofagia na kupalilia maua, kwa zamu. Treni ya behewa moja iliwapeleka watoto shuleni na wazee hospitalini kule bondeni, na jioni ikawarudisha.

Mwaka huo stesheni ilikuwa inatimiza miaka sabini. Mwalimu Hozumi alimchagua Chizuru, mwanafunzi wa darasa la sita, asimulie historia ya stesheni mbele ya wageni siku ya sherehe.

"Nenda kwa Bibi Fumi," alimwambia. "Ameishi karibu na stesheni tangu ujana wake. Muulize, kisha msikilize vizuri."

Chizuru aliitikia, lakini hakwenda. Bibi Fumi alikuwa na maneno mengi. Ukimuuliza habari za treni, yeye anaanza habari za figili zake shambani. Tena Chizuru aliona kazi yenyewe ni bure. Stesheni yao ilikuwa na historia gani? Watu wanapanda, watu wanashuka, basi.

Kwa hiyo akatunga. Siku ya mazoezi alisimama darasani akasema kwamba zamani waziri mmoja alilala Minasawa, akaipenda hewa ya milimani, akaamuru kila treni isimame hapo.

"Kumbe sisi si watu wa mchezo!" alipiga kelele Daigo, mwanafunzi mwenzake, na darasa zima likapiga makofi.

"Bibi Fumi ndiye kakueleza hayo?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Uongo ule haukubaki darasani. Mzee Gonda, mwenye duka, alipika maandazi ya mvuke yaliyojazwa maharage matamu, akayaita Maandazi ya Waziri.

"We binti, njoo uonje!" alimwita Chizuru. "Hivi huyo waziri wako alikula mangapi?"

"Sijui, babu."

"Sema matano, basi! Nifanye biashara."

Chizuru alicheka kidogo, lakini andazi hakulimaliza.

Siku ya sherehe alitangulia stesheni kutundika maua ya karatasi. Treni ya asubuhi ilimshusha mama mmoja mwenye mvi. Mama huyo aliingia chumba cha kusubiria, akaugusa ukuta, machozi yakamlengalenga.

"Karibu, mama. Kuna mtu unamtafuta?" Chizuru aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu, ila jina lake silijui. Mimi naitwa Tomoe. Nilizaliwa hapa."

"Hapa Minasawa?"

"Hapa hapa, ndani ya chumba hiki."

Bi Tomoe aliketi, akaeleza. Mama yake alikuwa njiani kwenda hospitali kujifungua. Theluji ikaifunika reli, treni ikakwama Minasawa. Wanakijiji waliwashusha abiria wote, wakawaletea matonge ya wali na supu ya moto. Mkunga hakuweza kuvuka theluji, hivyo binti mmoja wa kijijini, ambaye hakuwa amewahi kumzalisha mtu, alikunja mikono ya nguo akamsaidia.

"Mama alifariki mwaka jana," alisema. "Aliniomba nije nimshukuru binti yule. Sijui kama yupo hai."

Chizuru aliacha maua sakafuni, akakimbia mpaka kwa Bibi Fumi.

"Bibi! Treni ilipokwama kwenye theluji, mtoto akazaliwa stesheni... ni wewe uliyemzalisha?"

"Sasa mbona hiyo hadithi nawaanzia kila siku!" alijibu Bibi Fumi. "Nilikuwa nafukua figili kwenye theluji walipokuja kuniita. Lakini nyie nikitaja figili tu, mnakimbia."

Chizuru aliinamisha kichwa. Kisha akamshika bibi mkono, wakashuka pamoja polepole.

Wageni walipokusanyika, Chizuru alisimama mbele yao.

"Waziri hakuwahi kulala hapa," alisema. "Nilimtunga mimi. Mwalimu Hozumi, nilikudanganya. Bibi Fumi, nilikusingizia. Naomba mnisamehe."

"Na maandazi yangu je?" alinung'unika Mzee Gonda, na watu wakaangua kicheko.

Ndipo Chizuru akasimulia habari ya theluji. Kabla hajamaliza, Bi Tomoe alikuwa amepiga magoti mbele ya Bibi Fumi.

"Inuka, mwanangu," Bibi Fumi alimwambia, akimpapasa uso. "Ulilia kwa nguvu kuliko honi ya treni. Nikasema, huyu atapona."

Baada ya sherehe Mwalimu Hozumi alimwita Chizuru kando. "Ulidhani kijiji chetu ni kidogo mno kuwa na jambo la kujivunia, ukakitungia waziri," alisema. "Uongo wako ungewafunika watu waliotoa chakula chao kwa wageni. Ukitaka kujua jambo, uliza, na uwe na subira mpaka unayemuuliza amalize. Na ukikosea, sema wazi, kama ulivyofanya leo. Kwa hilo nakushukuru."

Treni ya jioni ilipofika, kijiji kizima kilikuwa ukingoni mwa reli kumsindikiza Bi Tomoe. Muda wa kuondoka ulipita. Dereva aliona kwamba Bibi Fumi bado amemshika mgeni wake mkono mlangoni, akangoja bila kuambiwa.