Frema Arudi Sokoni

Frema aliuza viazi vikuu katika soko la mji wa Techiman. Alikuwa na maneno matamu. Mteja akisema, "Mama, kiazi hiki kimeoza," Frema alimjibu, "Kilichooza ni macho yako, baba. Hebu geuza uone." Mteja alicheka, kisha akanunua.

Mumewe, Takyi, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwao.

Siku moja, soko likiwa limejaa watu, moyo wa Frema ulianza kwenda mbio. Jasho lilimtoka. Pumzi ikawa fupi. Vidole vikafa ganzi. Alijua kwamba anakufa. Wenzake walimkimbiza zahanati. Akapimwa moyo, damu na presha. Vyote vilikuwa sawa.

"Huna ugonjwa," aliambiwa. "Nenda ukapumzike."

Lakini hali ile ilirudi, tena na tena. Frema akaanza kuogopa soko. Kisha akaogopa kanisa. Kisha akaogopa hata kwenda bombani kuteka maji.

"Usijali, mke wangu," alisema Takyi. "Popote uendapo, nipo."

Na kweli alikuwepo. Alifunga cherehani, akamshika mkono, wakaenda pamoja. Wateja wake wakahamia kwa fundi mwingine. Mwishowe Frema hakutoka kabisa. Takyi akaenda kuuza viazi mwenyewe. Lo, alikuwa muuzaji mbaya! Mtu akimlilia shida kidogo tu, alimpa kwa bei ya hasara.

Nana Serwaa, mkuu wa wauza viazi pale sokoni, alikuja nyumbani kwao.

"Frema mwanangu, nakupenda," alisema. "Lakini nafasi yako inatakiwa na wengi. Usiporudi mwezi ujao, nitampa mwingine."

Frema alilia siku nzima.

Wakati huo muuguzi mmoja wa zahanati, Sista Lariba, alikuwa ametoka mafunzoni katika mji wa Sunyani. Huko wauguzi na madaktari walifundishwa kutibu ugonjwa wa hofu. Aliporudi alimkumbuka Frema, akamfuata nyumbani.

"Tulikuambia huna ugonjwa," alisema Lariba. "Hatukujua. Moyo wako ni mzima, lakini ugonjwa unao, na unatibika. Mwili una mlinzi wake. Akiona hatari hupiga kelele ili ukimbie. Mlinzi wako anapiga kelele hata akipita mbuzi."

Frema alicheka huku machozi yakimtoka. "Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna. Una hofu. Ukiikimbia, inakua. Ukikaa nayo, inapanda, kisha inashuka yenyewe. Simama, tukimbie papa hapa, moyo uende mbio, ujionee."

"Moyo utapasuka, Sista!"

"Hautapasuka. Huko Sunyani mwalimu alitukimbiza sote. Daktari mmoja mnene alidhani anakufa. Leo yu hai, na bado mnene!"

Wakakimbia pale pale waliposimama. Moyo wa Frema ulidunda kwa nguvu. Alitaka kukaa, lakini Lariba alimwambia angoje. Wakangoja. Moyo ukatulia wenyewe.

"Umeshuka!" alisema Frema kwa mshangao.

"Sasa wewe, shemeji," Lariba alimgeukia Takyi, aliyekuwa akiwatazama toka mlangoni. "Mkeo unampenda mno. Ukimshika mkono kila mahali, anadhani ni mkono wako uliomwokoa."

Maneno yale yalimuuma Takyi. "Kumbe ugonjwa ni mimi?"

"La, wewe ni mume mwema. Ila sasa msaidie kwa kubaki nyuma."

Walianza taratibu. Frema alikwenda bombani peke yake. Alirudi anatetemeka, lakini alirudi na maji. Alipozoea bomba, alikwenda kanisani. Kila wiki Lariba alikuja kuuliza habari. Baadhi ya wagonjwa huhitaji dawa pia, Lariba alisema, lakini Frema alikuwa anaendelea vizuri bila dawa.

Ikafika siku ya soko. Alipofika katikati ya umati, moyo ulianza kwenda mbio. Frema alishika meza, akasimama. "Dunda tu," aliuambia moyo wake. "Mimi siendi popote." Ndipo alipoona kofia anayoijua vizuri, nyuma ya magunia ya vitunguu.

"Takyi!" alipiga kelele. "Toka hapo! Nani anashona nguo za watu?"

Soko zima likacheka. Takyi alitoka amejaa maganda ya vitunguu. "Nilikuja kununua kitunguu," alisema.

"Basi nunua, urudi nyumbani!"

Alirudi. Frema alibaki. Moyo ulitulia, na mchana aliuza viazi hadi vikaisha. Nafasi yake haikuchukuliwa na mtu.

Mwaka uliofuata Lariba alimwomba Frema aende Sunyani kuzungumza na wauguzi wapya waliokuwa mafunzoni. Alipanda gari peke yake.

"Moyo bado unakwenda mbio?" muuguzi mmoja aliuliza.

"Hata leo garini umekwenda," alijibu Frema. "Nikauacha uende. Mimi nikaendelea kubishana na jirani yangu wa kiti kuhusu bei ya nyanya. Wagonjwa wenu msiwaambie hawana kitu. Waelezeni kilichowapata, kisha mjaribu pamoja nao kukaa na hofu hiyo."

Alirudi Techiman jua likiwa linashuka. Kando ya barabara, mbele ya nyumba yao, Takyi alikuwa amesimama.

"Unanisubiri?" aliuliza Frema.

"Nani, mimi? Natazama mtaro, kama umeziba."

"Umeutazama toka saa ngapi?"

Takyi alijikuna kichwa. "Toka ulipoondoka."

Frema alicheka, akamshika mkono, wakaingia ndani.