Siku Ketaki Alipoanguka Kasrini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ketaki Jagdale alifagia ua, akamkamua mbuzi, kisha akajaza chupa yake maji kutoka kwenye mtungi wa shaba uliokuwa jikoni. Alifunga kizibo vizuri na kuitia chupa mkobani. Yeye mwenyewe hakunywa. Hata chai aliionja tu, ili mama yake asimuulize maswali.

Asubuhi ya safari ya darasa lake alifanya vivyo hivyo. Mama yake, Indubai, alikuwa akijifunga sari tayari kwenda kukata miwa. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu jana, akawa anazungumza huku ameshika kiuno.

"Leo ndiyo mnakwenda kasrini?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona uso umekusawijika hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Sijalala vizuri tu."

Indubai alimtazama kidogo, akapiga miayo, akachukua panga lake na kutoka. Wenzake walikuwa wakimwita barabarani.

Ukweli ni kwamba Ketaki alikuwa akiumwa. Kwa wiki kadhaa mwili wake ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Alisinzia darasani. Chini ya kitovu palimuuma, na kila alipokwenda haja ndogo aliungua kama amepakwa pilipili. Hakumwambia mtu yeyote.

Mambo yalianzia kwenye choo cha wasichana pale shuleni. Bomba lake lilikuwa limekauka, na mlango haukuwa na komeo. Siku moja Ketaki akiwa ndani, mvulana mmoja wa darasa lake, Vishwajit, alikuja akikimbizana na wenzake, akaupiga mlango teke ukafunguka. Wote waliangua kicheko. Tangu siku hiyo Ketaki aliamua kwamba hataingia tena mle. Na ili asipate haja, aliacha kunywa maji mpaka arudi nyumbani jioni.

Kwa sababu ya safari ya basi, mara hii alikuwa ameanza kujinyima maji tangu jana yake jioni.

Jua la mwisho wa Februari lilikuwa kali. Mwanzoni wanafunzi waliimba ndani ya basi, kisha vumbi na joto vikawanyamazisha. Mwalimu Sulabha Kadam, aliyewaongoza, alikaa mbele akiwa ameegemeza kichwa dirishani. Alikuwa peke yake na darasa zima, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka hata kabla hawajafika.

Shalmali, rafiki yake Ketaki, alikuwa akila mkate wa mtama kwa chatini ya karanga.

"Kunywa basi maji, Ketaki. Midomo imekupasuka."

"Nimeshakunywa."

"Saa ngapi? Mimi niko ubavuni mwako tangu tuondoke."

"We Shalmali, lini umekuwa polisi?"

Shalmali alibetua midomo, akaendelea kula.

Kwenye lango la kasri, lenye miiba ya chuma ya kuwazuia tembo wa vita, walipokewa na kijana mwembamba aliyeitwa Hanmant. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni, na ilionekana wazi kwamba makundi mengi yalikuwa yamepita mikononi mwake asubuhi ile.

"Kasri la kwanza liliungua zamani," alisema. "Zilibaki kuta za chini tu. Hili mnaloliona limejengwa upya kwa kufuata michoro ya kale. Mbao ni mpya, lakini msingi ni ule ule wa wazee wetu."

"Kwa hiyo ni feki?" aliuliza Vishwajit.

"Feki ni wewe unayenakili hesabu zangu," alisema Shalmali, na darasa likacheka.

Hanmant hakukasirika. "Bibi yako akivunjika mguu ukafungwa ukapona, atakuwa bibi feki?" aliuliza, akaendelea mbele bila kungoja jibu.

Walipita uani, wakaingia katika vyumba vya malkia. Nyuma ya chumba cha kulala palikuwa na chumba kingine kidogo, chenye sakafu ya mawe na mfereji mwembamba. Mlango wake wa mbao ulikuwa na komeo kubwa la shaba.

"Hiki ni nini?" aliuliza mmoja.

"Choo cha malkia."

Wavulana walisukumana wakicheka. Hanmant alifuta jasho. "Mnacheka nini? Malkia alikuwa binadamu."

Ketaki hakucheka. Alilitazama lile komeo kwa muda mrefu, mpaka Shalmali alipomvuta mkono.

Katika chumba cha silaha kulikuwa na panga ndefu, mikuki na mavazi ya vita yaliyosukwa kwa pete za chuma. Kutoka hapo, ngazi nyembamba iliyosimama wima ilipanda hadi ukumbi wa juu, mahali pa kuwakumbuka askari waliokufa wakilitetea kasri. Ketaki alianza kupanda. Masikio yalivuma. Alijaribu kumeza mate, akakuta hana. Aliinua mguu, na ukuta ukaanza kuzunguka. Alitaka kumwita Shalmali, lakini sauti haikutoka. Akaanguka kinyumenyume.

Nyuma yake alikuwa Vishwajit. Alimdaka kwa mikono yote miwili, akapiga goti lake kwenye jiwe, wote wawili wakakaa chini kwa kishindo.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Mwalimu, Ketaki amekufa!"

Hakuwa amekufa. Alipofumbua macho, Mwalimu Sulabha alikuwa akimpepea kwa ncha ya sari yake.

"Umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa, Mwalimu," alinong'ona Ketaki.

Shalmali alifungua mkoba wa rafiki yake, akatoa chupa. Ilikuwa imejaa hadi kizibo. "Hajanywa hata tone. Kila siku anarudi nayo nyumbani imejaa hivi hivi."

Ketaki alimtazama kwa hasira, lakini hakuwa na nguvu ya kugombana.

Walimbeba hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Daktari Mumtaz Attar alimtundikia dripu, akapima mkojo wake, ambao ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Kisha akawatoa wote nje isipokuwa mwalimu.

"Sasa, binti, sema kweli. Ukienda haja unaungua?"

Ketaki aliangalia ukuta. Machozi yalimtoka polepole. Akaeleza yote: bomba, mlango, kicheko.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Una maambukizi kwenye njia ya mkojo. Dawa zitakuponya. Lakini ungekaa kimya mwezi mwingine, yangepanda hadi kwenye figo, na hapo tungezungumza mambo mengine. Mwili ukiukosesha maji, uchafu unabaki ndani."

Mwalimu Sulabha alikuwa ameinamisha kichwa. "Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "mimi pia sinywi maji shuleni. Miaka yote hii. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo."

"Basi nina wagonjwa wawili," alisema daktari, akamsukumia bilauri ya maji.

Indubai alifika zahanati jua likiwa linashuka, vumbi la shambani likiwa bado kwenye nywele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua ndala zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku unarudi umechoka, Mama. Nikaona nisikuongezee."

Indubai alimshika mguu chini ya shuka. "Mwanangu, mimi huchoka mgongo na miguu. Masikio yangu hayajachoka bado."

Juma lililofuata, Indubai na akina mama wenzake walifika shuleni kabla ya kwenda kwenye miwa. Mwalimu Sulabha alisimama pamoja nao. Shule ilikuwa na choo kimoja safi chenye maji na komeo, lakini kilifungwa kwa kufuli.

"Kile ni cha wageni, akina mama," alisema mwalimu mkuu. "Wakaguzi wakija watatuonaje?"

"Wakaguzi huja mara moja kwa mwaka," alisema Indubai. "Watoto wetu wako hapa kila siku. Afadhali mkaguzi ajibane."

Wanawake walicheka. Mwalimu mkuu naye alijaribu kutocheka, ikamshinda. Ufunguo ulitolewa asubuhi ile ile. Kile choo cha wasichana kilichelewa kutengenezwa; fundi aliahidi, akapotea, akaahidi tena. Mwishowe komeo liliwekwa, na kwa kuwa bomba lilikuwa bado kavu, wanafunzi walipangiwa zamu za kujaza pipa la maji. Vishwajit alipopewa zamu yake alijaza kwa kununa. Alipomwona Ketaki aliweka ndoo chini.

"Samahani kwa ule mlango," alisema akiiangalia ndoo.

"Na goti lako limepona?"

"Bado linauma kidogo. Una kilo nyingi wewe."

Ketaki alipona, lakini jambo moja lilimkera: wenzake walipozungumza juu ya ukumbi wa juu, yeye hakuwa na la kusema. Basi Jumapili moja, msimu wa miwa ulipokwisha, Indubai alimchukua wakapanda basi hadi kasrini. Walipanda ile ngazi polepole, mama akipumzika kila baada ya hatua chache.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, wenye ukuta mmoja wa jiwe jeusi uliochongwa majina. Wageni walizungumza kwa kunong'ona. Indubai hakusoma sana shuleni, akamwomba binti yake amsomee. Ketaki alisoma jina baada ya jina mpaka akachoka.

"Hawa walikufa kwa ajili ya nyumba yao," alisema Indubai. "Wewe ulitaka kufa kwa ajili ya mlango usio na komeo. Sikiliza, Ketaki. Kuumwa si aibu, na haja si aibu. Aibu ni ya anayekucheka, na ya mkubwa anayejua halafu hatengenezi. Wewe kazi yako ni moja: useme mapema. Ukinyamaza, hata anayekupenda hawezi kukusaidia."

"Nimesikia, Mama."

Indubai alijinyoosha mgongo, akageuka, akamwita mlinzi aliyekuwa mwisho wa ukumbi, kwa sauti ile ile anayowaitia wenzake shambani.

"Kaka! Choo kiko wapi hapa?"

Vichwa vyote viligeuka. Ketaki alihisi uso ukipata moto, akatamani kujificha nyuma ya nguzo. Kisha akaishika sari ya mama yake.

"Ningoje," alisema. "Na mimi nakwenda."