Gaju Avuka Mpaka kwa Waya

Denyse hakuwa mtu wa kukaa. Asubuhi alinunua viazi vya Bugeshi katika soko la Gisenyi, upande wa Rwanda, na kuvivusha hadi Goma, upande wa Kongo. Mchana alirudi na vitenge vya kuuza. Mdogo wake alikuwa ameolewa Goma, kwa hiyo kila siku kulikuwa na kitu kinachovuka mpaka kwa salamu: leo sambaza, wale dagaa wa ziwani, kesho sombe, yaani kisamvu, keshokutwa mtoto amekuja kulala.

Mtoto huyo alikuwa Kamikazi, binti wa mdogo wake. Alilingana umri na Keza, binti wa Denyse. Likizo ile ya mwaka 1999 hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Mjomba wao aliyeishi Ubelgiji alikuwa amewaletea geimu za mkononi, kila mmoja na yake. Ni mashine ndogo yenye kioo na vitufe, inayotumia betri. Mchezo wenyewe uko ndani ya kaseti inayochomekwa nyuma.

Ulikuwa mchezo wa kufuga. Unapewa kilima, unalisha wanyama, unawanywesha, wanazaa. Kaseti ya Keza ilikuwa ya manjano na ng'ombe wake walikuwa wa kahawia. Kaseti ya Kamikazi ilikuwa ya kijani na ng'ombe wake walikuwa wa madoa tu. Ng'ombe wa kahawia angeweza kuingia katika kaseti ya kijani kwa njia moja: kuunganisha mashine mbili kwa waya.

Keza alikuwa na ng'ombe mmoja aliyemlea tangu akiwa ndama. Alimwita Gaju. Nyumba nzima ilimjua Gaju. Bibi Cansilde, mama yake Denyse, alikuwa mfugaji zamani huko Mudende. Kila jioni alivaa miwani, akauliza kama Gaju amekunywa maji, na akalalamika kwamba nyasi za mchezo ule ni fupi mno. Denyse alisema nyumba yake sasa ina ng'ombe asiyetoa maziwa lakini anakula betri.

Ndipo habari ikaja. Baba yake Kamikazi alikuwa amepata kazi Nairobi. Familia yote ingeondoka asubuhi ya kesho yake.

Kamikazi alikuja kuaga. Keza hakulia. Alileta ule waya ambao ulikuwa haujawahi kutoka kwenye boksi, akasema Gaju ataenda Nairobi. Waya ni mfupi, Nairobi ni mbali. Kama Gaju hangehama siku hiyo, basi.

Wasichana wakaketi juu ya mkeka, mashine magotini. Keza alihifadhi mchezo wake kwanza, kama alivyozoea kila akimaliza kulisha. Kisha wakachomeka waya. Keza akamchagua Gaju, Kamikazi akakubali kumpokea. Kwenye vioo vyote viwili likatokea daraja, na ng'ombe mdogo wa kahawia akaanza kutembea juu yake.

Bibi Cansilde hakupendezwa.

"We Kamikazi," alisema, "unapewa ng'ombe na umekaa? Ng'ombe hapokelewi hivyo. Simama, upige makofi, umushukuru mwenye kukupa."

Alisema kweli. Kwetu, mtu akikupa ng'ombe unasimama, unapiga makofi, unamkumbatia, na waliopo wanasikia jina la aliyekupa. Kamikazi alikuwa mtoto mwenye adabu. Alisimama. Waya ukachomoka.

Ng'ombe akasimama katikati ya daraja. Kwenye mashine zote mbili hakuna kilichosogea tena. Baada ya muda kioo cha Keza kilirudi kwenye kilima, na zizi la Gaju lilikuwa tupu. Kamikazi naye akatazama zizi lake. Ng'ombe wa madoa tu.

"Iko wapi?" Kamikazi aliuliza.

"Imeanguka mu maji," alisema bibi, na akakaa chini.

Sasa kila mtu akawa fundi. Bibi alitaka mashine ipigwe kidogo, kama redio. Keza alitaka kuhifadhi mchezo haraka, kabla wanyama wengine hawajapotea. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Denyse aliacha sufuria, akamshika mkono.

"Unajua hicho kitufe kitafanya nini sasa hivi?"

Keza alisema hajui.

"Basi toa kidole. Twende kwa Connie."

Connie alikuwa jirani yao. Alikulia Kampala, akarudi na duka la redio karibu na soko, na nyuma ya duka alikuwa na chumba cha michezo ya video. Wakaenda mbio, wote wanne. Keza aliibeba mashine kama mtu anayebeba yai, Kamikazi akafuata na yake pamoja na waya. Njiani taa nyekundu ya betri ilianza kufifia, na bibi, ambaye kwa kawaida huenda sokoni kwa kupumzika mara mbili, akawapita wote.

Connie alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu: Keza alihifadhi mchezo kabla ya kuchomeka waya, au hakuhifadhi?

"Nilihifadhi."

"Na baada ya waya kuchomoka?"

"Mama alinizuia."

"Basi zima."

Hakuna aliyesogea. Kuzima kulionekana kama kumzika Gaju. Connie akanyoosha mkono na kuizima mwenyewe. Alitoa betri kuukuu, akaweka mpya, akawasha.

Gaju alikuwa zizini, anakula.

Keza na Kamikazi waliruka hadi redio moja ikaanguka. Bibi Cansilde alisema alijua tangu mwanzo kwamba ng'ombe yule ni wa ukoo mzuri.

"Na mulikuwa mukikimbia bure," Connie alisema akicheka. "Betri ingekufa njiani, ng'ombe angerudi vilevile."

Denyse alitaka kuelewa, maana hakupenda kukimbia bure. Connie akaeleza. Kaseti hukumbuka mahali ulipohifadhi mara ya mwisho. Ukizima bila kuhifadhi, inarudi hapo. Waya ulipokatika, upande wa Keza ulikuwa umeshatoa, upande wa Kamikazi haujapokea. Keza angehifadhi wakati ule, kaseti ingekumbuka zizi tupu, na hata fundi wa Kampala hangemrudisha Gaju.

"Donc, yaani, akifika kwa Kamikazi," Denyse aliuliza, "Keza atabaki na mwingine kama yeye?"

"Mama Keza, ukimupa mutu ng'ombe, unabaki naye?"

"Hapana."

"Hata huku ni hivyo. Waya haufanyi wawili. Unahamisha mmoja. Kwa hiyo mupatane kwanza: ni zawadi, ni kubadilishana, au ni kuazima? Museme kwa sauti, wengine wasikie. Halafu ndiyo muchomeke. Na mutu musiyemujua akiwaambia sokoni 'unganisha kidogo tu, nitakurudishia', mukatae."

Keza alimtazama Gaju. Hilo hakuwa amelifikiria. Alidhani Gaju ataenda na pia atabaki. Denyse hakumsaidia. Ng'ombe alikuwa wake, na kutoa kulikuwa kwake.

"Ni zawadi," Keza alisema. "Lakini akizaa unitulie."

"Nitakutulia ndama," alisema Kamikazi. Kutulia ng'ombe ni kumrudishia aliyekupa ndama wa shukrani. Bibi Cansilde alisema sasa hayo ndiyo maneno ya ng'ombe, na yeye ni shahidi.

Connie alimpa Kamikazi naye betri mpya. Mashine ziliwekwa juu ya meza, si magotini. Kila mmoja alihifadhi mchezo wake. Waya ukasukumwa hadi mwisho, na Denyse akasema atakayeinuka kabla ya maandishi kutokea atalala njaa. Alimtazama mama yake aliposema hivyo.

Gaju akapita darajani. Alipita polepole, kama ng'ombe yeyote. Akafika. Maandishi yakatokea kwenye vioo vyote viwili: imekamilika. Connie akaangalia zizi la Kamikazi. Gaju alikuwemo, na chini yake pameandikwa: amelelewa na Keza.

"Sasa simameni," alisema Connie.

Walisimama. Kamikazi alipiga makofi, akalitaja jina la Keza, wakakumbatiana katikati ya redio zilizofunguliwa.

Kamikazi alirudi likizo ya Noeli, amekuwa mrefu, anaongea Kiswahili cha Nairobi ambacho bibi alisema kinakwaruza masikio. Kabla ya kula alitoa mashine yake mfukoni. Gaju alikuwa amezaa ndama wa kahawia mwenye madoa, rangi ambayo haikuwemo katika kaseti yoyote kati ya zile mbili mpaka zilipounganishwa.

Betri zilikuwa mpya. Mashine ziliwekwa mezani. Wote wawili walihifadhi bila kuambiwa. Bibi Cansilde alikaa katikati yao, mkono mmoja juu ya bega la Keza, mwingine juu ya bega la Kamikazi, akiwakandamiza chini kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo.

"Hakuna kusimama," alisema.

Ndama alivuka hadi kwa Keza. Maandishi yakatokea. Na wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa yeye.