Kufuli Tatu za Ormthwick

Jirani yetu Jabez Maltby alikuwa akipogoa mawaridi yake alasiri hiyo, mkewe akioka mikate ya zabibu, Amos Codd alipomwita kutoka langoni.

"Twende, mzee mwenzangu. Kasisi anatungoja."

"Mbona umenyoa? Nani kafa?"

"Ndevu zangu, wembe wangu," Amos akacheka.

Kitabu cha maziko cha kanisa la Ormthwick kilikaa katika sanduku la mwaloni lenye kufuli tatu. Kasisi Thirkell alikuwa na ufunguo mmoja. Jabez na Amos, wazee wa kanisa, kila mmoja na wake. Waliotangulia walitaka hivyo, ili asiwepo wa kulifungua peke yake.

Upande wa kaskazini wa makaburi ulikuwa usawazishwe kesho yake, ipite njia ya mikokoteni hadi shamba la Amos. Kaburi lililoandikwa kitabuni lisingeguswa. Huko alilala Tabitha, binti pekee wa Jabez, aliyekufa akiwa na miaka mitano. Msalaba wake wa mti ulikuwa umeoza zamani, lakini Jabez hakuwa na wasiwasi. Amos ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mtoto. Alizoea kumbeba mabegani, na siku ya maziko alibeba jeneza.

Walifungua. Kasisi akapekua hadi mwaka wa Tabitha. Ukurasa wake ulikuwa umekatwa, mkato ulionyooka, karibu na mshono.

"Panya," Amos akasema.

"Panya hana wembe, Amos," Jabez akajibu.

Jabez akakumbuka majira ya baridi alipougua kichomi. Amos alimletea supu kila jioni, akaketi karibu na moto, pale ufunguo ulipotundikwa.

Kasisi akatazama viatu vyake. "Aliazima ufunguo wangu. Alisema umeridhia."

"Supu yako, Amos," Jabez akanong'ona. "Nilikushukuru mbele ya mke wangu."

"Ni kipande cha ardhi tu, ndugu yangu. Mtoto hajui kitu."

Wakafunga. Kufuli ya tatu ilipolia, kitu kikagonga.

Kutoka ndani.

Polepole. Kama kidole kidogo.

"Baba Amos," mbao zikanong'ona. "Nibebe."

Jabez aliijua sauti ile. Haikumwita yeye.

Amos alitoka mbio, kofia kichwani, ufunguo wake ukabaki kufulini. Kasisi aliuchukua. Jabez alilala na wake shingoni.

Asubuhi wachimbaji walifika na sepeto zao. Amos hakufika. Kitanda chake hakikuwa kimelaliwa.

"Tufungue tena," Jabez akasema.

"Kuna nini cha kutazama?"

"Fungua, Kasisi."

Kufuli zote tatu zilikuwa zimefungwa vilevile. Ndani, juu ya kitabu, ilikaa kofia ya Amos, imelowa. Katika kofia ulikuwamo ukurasa uliokatwa, umekunjwa, na jina la Tabitha Maltby lilisomeka wazi. Wachimbaji wakarudi makwao.

Amos Codd hakuonekana tena, Ormthwick wala kwingineko.

Jabez aliipeleka kofia ile nyumbani, akaikausha karibu na moto, pale rafiki yake alipokuwa akiketi. Ilipokauka ndipo alipoona tope. Alama mbili za viganja vidogo, kimoja kila upande, mahali mtoto anaposhika kichwa cha mtu aliyembeba mabegani.